Cha Bure Si Lazima Kiwe Huria

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakuwa na maana kwamba nguo hiyo ni mbovu au imetoboka. Yamkini ni nzuri kuliko zote zilizomo kijijini. Ila mwenyewe yupo, anaitambua, na siku atakapoihitaji atakuja kuidai, hata kama aliyeivaa yumo katikati ya ngoma.

Leo napenda kuwaeleza wasomaji juu ya nguo moja ya kuazima ambayo mamilioni ya watu ulimwenguni wameivaa pasipo kujua. Nguo hiyo ni ufundi wa kubana picha za video ili ziweze kupita katika intaneti. Kila mwananchi anayefungua simu yake akatazama hotuba, mchezo wa mpira, somo la hesabu au arusi ya ndugu yake aliye mbali, anautumia ufundi huo. Lakini ni wachache mno waliowahi kujiuliza: Ufundi huu ni mali ya nani? Nani ana haki ya kuutoza fedha? Na kama leo hatutozi, ametupa ahadi gani juu ya kesho?

Wako watakaosema kwamba maswali haya ni ya mafundi wa kompyuta, wala hayamhusu mkulima, mwalimu au askari. Mimi nasema yanatuhusu sote. Hapo zamani mtu aliyetaka kujua nani mwenye nguvu katika nchi alitazama nani anamiliki barabara, reli na bandari. Siku hizi hapana budi atazame pia nani anamiliki njia zinazopitisha sura na sauti za watu.

MZIGO USIOBEBEKA

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini video hubanwa. Video si kitu kimoja. Ni msururu wa picha za mnato zipitazo upesi mbele ya macho. Tuchukue video yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na picha 30 katika kila sekunde. Kila picha ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta huhitaji baiti 3 ili kueleza rangi yake. Ukipiga hesabu utaona kwamba sekunde moja tu hukaribia megabaiti 187, na dakika moja hupita gigabaiti 11. Hakuna mwananchi wa kipato cha kawaida awezaye kununua kifurushi cha simu cha kubeba mzigo wa namna hiyo.

Ndipo wahandisi walipobuni njia za kubana. Kila picha hugawanywa katika vipande vidogo vidogo, mfano wa vigae vya sakafu, kisha hulinganishwa na picha iliyoitangulia. Mtu akizungumza mbele ya ukuta, ukuta hausogei. Hapana haja ya kuutuma upya mara 30 kwa sekunde. Hutumwa agizo fupi tu kwamba ukuta ubaki ulivyo. Mpira ukivuka uwanja, hautumwi mpira mpya. Hutumwa habari kwamba kipande kile kimesogea kiasi fulani, upande fulani. Na yale mambo madogo ambayo jicho la mwanadamu haliyatambui huachwa njiani. Kwa ujanja huo, dakika ile ile iliyozidi gigabaiti 11 yaweza kusafiri ikiwa na megabaiti 37 hivi, yaani imepunguzwa takriban mara 300, na mtazamaji asione tofauti ya kumsumbua.

Lakini afungaye mzigo na afunguaye mzigo lazima wawe wamekubaliana fundo ni la namna gani. Mapatano hayo ya kufunga na kufungua ndiyo huzaa kile ambacho mafundi hukiita kodeki. Yeyote mwenye mamlaka juu ya fundo hilo ana mamlaka juu ya mtumaji na mpokeaji kwa pamoja. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

HATAZA NA MRABAHA

Kodeki iliyotawala intaneti kwa muda mrefu huitwa H.264. Ilikamilishwa mwaka 2003 na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, wakishirikiana na kundi la MPEG lililo chini ya mashirika ya viwango ya ISO na IEC. Ilikuwa kazi njema, na haki ni kuisifu. Maandishi yake hayakufichwa; kila mtu aweza kuyasoma. Lakini kusoma si kutumia. Ndani ya H.264 mlikuwa na mbinu nyingi ambazo makampuni mbalimbali yalikuwa yamezikatia hataza. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya peke yake ya kuruhusu au kukataza watu kutumia uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20. Malipo anayodai ili aruhusu ndiyo huitwa mrabaha.

Makampuni mengi kati ya hayo yaliweka hataza zao katika kapu moja, na kapu likakabidhiwa kampuni ya Marekani iitwayo MPEG LA, ambayo licha ya jina lake haikuwa sehemu ya kundi la MPEG. Bei ilikuwa dhahiri. Aliyetengeneza vifaa au programu za kufunga na kufungua H.264 hakudaiwa kitu kwa nakala 100,000 za kwanza katika mwaka. Zilizozidi hapo alilipia senti 20 za dola kila moja, na baada ya nakala milioni 5 alilipia senti 10, mpaka afikie kikomo kilichowekwa cha mwaka.

Kwa kampuni kubwa iuzayo simu, fedha hizo ni tone la maji katika mtungi. Lakini fikiri juu ya programu igawiwayo kwa watu wote bila malipo, ambayo haina bei ya kukatwa hizo senti 20. Huyo atalipa kutoka wapi?

HISTORIA YA UGOMVI

Ili tuone uzito wa jambo hili, tukumbuke msingi wa mtandao wenyewe. Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kilitangaza kwamba ufundi wa kurasa za mtandao uliozaliwa kwake ni mali ya umma, na kila mtu autumie pasipo kulipa. Mwaka 2004 chombo kinachosimamia viwango vya mtandao, W3C, kilipitisha kanuni kwamba viwango vyake viweze kutumiwa bila mrabaha. Kwa sababu hiyo mwanafunzi yeyote aliweza kutengeneza ukurasa wake bila kumwomba mtu ruhusa. Maandishi yalikuwa huru, na picha za mnato zilikuwa huru. Ilibaki video.

Mwaka 2007 kampuni ya Opera ya Norwe ilipendekeza video iwe sehemu ya kawaida ya ukurasa, bila kuhitaji programu ya nyongeza. Rasimu ya kiwango kipya cha HTML5 ikashauri vivinjari vyote vikubali Theora, kodeki isiyo na mrabaha iliyoendelezwa na taasisi ya Xiph.Org kutokana na kazi ya awali ya kampuni ya On2. Makampuni makubwa, Apple na Nokia yakiwa miongoni mwao, yakapinga. Mwezi Desemba mwaka huo huo ushauri ule ukafutwa, na HTML5 ikabaki na mahali pa kuweka video pasipo kutaja video ya namna gani. Nyumba ilijengwa, mlango ukatiwa, lakini kila fundi aliachiwa atie kufuli lake.

Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walishika upande wa Theora. Mwanzoni mwa mwaka 2010, wakati kikomo cha malipo ya H.264 kilikuwa dola milioni 5 kwa mwaka, walieleza kwa nini hawatachukua leseni hiyo. Hoja yao haikuwa umaskini. Walisema leseni ingewalinda wao tu. Mtu atakayechukua programu yao, akairekebisha kwa mahitaji ya watu wake na kuigawa upya, kama wanavyoruhusu wao, hangelindwa hata kidogo. Haki ya kuigawa ingekuwa jina tupu.

Mwaka ule ule Google ilimaliza kuinunua On2, na tarehe 19 Mei ikaitoa kodeki mpya, VP8, bila mrabaha, chini ya jina la WebM. Ilionekana kana kwamba upepo umegeuka.

ZAWADI YA MWEZI AGOSTI

Sasa tufike katika siku ambayo kwa maoni yangu inastahili kukumbukwa kuliko zote. Tarehe 26 Agosti 2010 MPEG LA ilitangaza kwamba video za intaneti ambazo watazamaji huziona bila kulipa hazitatozwa mrabaha wa H.264 kwa muda wote wa leseni hiyo. Watu wengi walishangilia. Wakasema, ugomvi umekwisha, maadamu sasa ni bure.

Hapa Kiswahili kina maarifa ambayo Kiingereza kimeyakosa. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili, nao hulazimika kueleza kila mara wanakusudia lipi. Sisi tunalo neno bure na tunalo neno huria. Cha bure ni kile ambacho leo hukukilipia. Cha huria ni kile ambacho hakuna awezaye kukufungia. Mgeni aliyekaribishwa chakula amekula bure, lakini jiko si lake. Zawadi ya Agosti ilikuwa ya bure. Vifaa viliendelea kulipiwa, programu ziliendelea kulipiwa, na filamu za kuuzwa ziliendelea kulipiwa. Kilichosamehewa ni kile tu ambacho mwenye mali alipenda kukisamehe, kwa mipaka aliyoichora mwenyewe.

Na walimwengu walikuwa wamekwisha kufunzwa somo hilo. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ilitoa muundo wa picha uitwao GIF, nao ukaenea kila mahali, watu wakiamini kwamba hauna mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1994 ikatangazwa kwamba ndani yake mna mbinu yenye hataza ya kampuni ya Unisys, na watengenezaji wa programu wakatakiwa kulipa. Mwenye nguo alikuja katikati ya ngoma. Waandishi wa programu waliokasirishwa na jambo hilo wakaunda muundo mwingine, PNG, usio na mdai, ambao tunautumia hadi leo.

Licha ya somo hilo, zawadi ya 2010 ilifanya kazi yake. Simu zilitoka viwandani zikiwa na kipuli cha H.264 ndani. Mwezi Machi 2012 Mozilla nao wakakiri kwamba hawana budi kuikubali, kwa kuwa watumiaji wangewakimbia. Mwezi Oktoba 2013 kampuni ya Cisco ikajitolea kugawa programu ya H.264 na kulipa mrabaha yenyewe. Ulikuwa ukarimu wa kweli, lakini ulifunika nakala zilizotoka mikononi mwa Cisco peke yake. Aliyeichukua ile programu na kujitengenezea nakala yake alirudi kule kule kwa mwenye kapu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

MGEMA ALIPOSIFIWA

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2013 ilikamilishwa kodeki ya kurithi kiti cha H.264, nayo ni H.265, iitwayo pia HEVC. Lengo lake lilikuwa kupunguza mzigo kwa nusu, na kwa ufundi ilikuwa hatua kubwa. Lakini safari hii wenye hataza hawakukubaliana juu ya kapu moja. MPEG LA ilikuwa na kapu lake. Mwaka 2015 likazuka la pili, HEVC Advance, na mwaka 2017 la tatu, Velos Media. Na zilikuwapo hataza nyingine zisizokuwamo katika kapu lolote. Mnunuzi aliyelipa mlango wa kwanza alikuta mlango wa pili, na hakuna aliyeweza kumwambia milango yote ni mingapi.

HEVC Advance ikaenda mbali zaidi. Mwezi Julai 2015 ilidai, juu ya fedha za vifaa, asilimia 0.5 ya mapato ya wale wanaopeleka video kwa watazamaji. Ni sawa na fundi aliyejenga daraja kudai fungu katika mazao yote yatakayovushwa hapo. Dai hilo lililegezwa baadaye, na mwezi Machi 2018 tozo za video zinazopelekwa kwa njia ya mtandao zikaondolewa. Tutaona punde kwa nini ziliondolewa mwezi ule na si mwingine.

Mwananchi wa kawaida ataonaje athari yake? Ataiona katika mambo madogo. Mwenye kompyuta ya Windows akitaka kufungua video ya H.265 aweza kukuta anatakiwa kulipia senti 99 za dola kwa kipande cha programu, ilhali kompyuta ameinunua na video ni yake. Mwaka 2022 wasimamizi wa Fedora, mfumo huria wa kompyuta, waliondoa msaada wa kipuli kwa kufungua H.264 na H.265 kwa kuhofia hataza. Kipuli kilikuwamo ndani ya mashine, kizima, lakini programu ikazuiwa kukiamuru. Na mtu yeyote afanyaye kazi ya kupiga picha za video aweza kufungua kitabu cha maelekezo cha kamera yake na kutazama kurasa za mwisho. Katika vitabu vya kamera nyingi mna aya fupi isemayo kwamba leseni ya H.264 iliyomo ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Wangapi wetu tumeisoma aya hiyo kabla ya kupiga picha za gwaride, za mkutano au za mafuriko?

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Tarehe 1 Septemba 2015, wiki chache baada ya dai lile la asilimia, makampuni saba yalitangaza muungano: Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix. Waliuita Alliance for Open Media. Kila mwenye kazi yake aliileta mezani. Google walikuwa wakitengeneza mrithi wa VP9, Mozilla na Xiph.Org walikuwa na Daala, Cisco walikuwa na Thor. Wakachanganya mbinu hizo, wakazipima moja moja kwa macho ya wahandisi na ya mawakili pia, na tarehe 28 Machi 2018 wakaitoa kodeki iitwayo AV1. Apple, waliokuwa wameipinga Theora miaka kumi iliyopita, walijiunga mwezi Januari mwaka huo. Sasa msomaji anajua kwa nini mwezi wa Machi ulikuwa mwezi wa kulegeza tozo upande wa pili.

Tofauti kati ya AV1 na zawadi ya 2010 haipo katika bei, maana zote mbili kwa mtazamaji ni sifuri. Tofauti imo katika maandishi. Leseni ya hataza za muungano huo ni ya daima, ni ya dunia nzima, haina mrabaha, na haiwezi kufutwa isipokuwa kwa masharti yaliyotajwa humo. Sharti kuu ni kwamba atakayemshitaki mwenzake kwa kutumia AV1 atapoteza haki yake mwenyewe ya kuitumia. Hawakutegemea tabia njema ya mtu. Waliandika mkataba unaomfanya mchokozi aumie wa kwanza. Askari ataielewa hekima ya utaratibu huo bila kuelezwa mara mbili.

Hata aliyeanzisha kundi la MPEG mwaka 1988, mhandisi Mwitaliano Leonardo Chiariglione, aliandika mwanzoni mwa 2018 kwamba utaratibu wa kibiashara uliolilisha kundi lile miaka mingi umevunjika. Hakuwa adui aliyesema hivyo. Alikuwa baba wa nyumba.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki hudai tusikilize na hoja za kupinga, nazo si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba mvumbuzi anastahili ujira wake. Sikatai. Mhandisi aliyekesha miaka mitano juu ya mbinu mpya ana watoto wa kulisha kama sisi. Lakini ziko njia nyingi za kumlipa. Waliotengeneza AV1 walilipwa mishahara na makampuni yao. Na waliotengeneza dav1d, programu mashuhuri ya kufungua AV1 iliyotoka kwa wenyeji wa VideoLAN kule Ufaransa mwaka 2018, walisaidiwa fedha na muungano wenyewe. Ubishi hauhusu kumlipa mvumbuzi. Unahusu kama ni halali lugha ambayo kila mtu analazimika kuizungumza iwe na mtoza ushuru mlangoni.

Hoja ya pili ni kwamba muungano huu ni wa matajiri, na tajiri hatoi kitu bila sababu. Hoja hii ni ya kweli, na asiyeikubali anajidanganya. Netflix, Amazon na Google hawakuamka siku moja wakiwa na huruma. Walikuwa ndio watakaolipa ile asilimia ya mapato. Tume ya Ulaya yenyewe ilianza mwaka 2022 kuchunguza masharti ya leseni ya muungano, kisha mwaka 2023 ikafunga jalada bila kutoa hukumu. Basi tusiwashukuru kupita kiasi. Tembo wakipigana nyasi huumia. Safari hii ilitokea kwamba tembo mmoja alipokuwa akimkimbiza mwenziwe alifungua njia, nasi tukaweza kupita. Tuipite, lakini tusimdhanie tembo kuwa mchungaji wetu.

Hoja ya tatu ni kwamba hata hiyo huria si salama. Mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilitangaza kapu la hataza ambazo inadai zinahusu VP9 na AV1. Ni kweli kwamba katika mambo ya hataza hakuna awezaye kutoa kiapo kwamba mdai hatatokea kamwe. Lakini tupime kwa historia. VP8 nayo ilisemwa hivyo hivyo. MPEG LA ilikusanya madai mwaka 2011, na mwaka 2013 ikafikia mapatano na Google ambapo makampuni 11 yalitoa ruhusa, na VP8 ikabaki bila mrabaha kwa watumiaji. Mahakama ya Mannheim nchini Ujerumani, mwezi Agosti mwaka huo huo, ilikataa dai la Nokia kwamba VP8 imevunja hataza yake. Uhuru uliotetewa umesimama. Usiotetewa ndio uliopotea.

Hoja ya nne ni ya subira: hataza hudumu miaka 20 tu, tungoje zife. Ni kweli zinakufa. Ule muundo wa sauti wa MP3 uliachwa huru namna hiyo mwaka 2017. Lakini H.264 ilikuja 2003, H.265 ikaja 2013, na H.266 ikaja 2020. Kila ya zamani inapokaribia kuwa huru, mpya imekwisha kuwekwa madukani. Mwenye kungoja tu atakuwa daima anavaa nguo iliyoachwa na wenziwe.

Hoja ya mwisho ni ya umaskini wa vifaa, nayo ndiyo inigusayo zaidi. Simu nyingi za bei nafuu hazina kipuli cha kufungua AV1. Hulazimika kutumia nguvu ya ubongo wa simu, na betri huisha upesi. Hata Apple waliweka kipuli hicho katika simu zao kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kwa hiyo siwaambii watu watupe walivyo navyo. Mabadiliko ya namna hii huenda hatua kwa hatua. Na tukumbuke kwamba kodeki inayobana zaidi humpunguzia mwananchi gharama ya kifurushi. Anayenunua intaneti kwa megabaiti, kama wanunuavyo wengi katika nchi zetu, ndiye mwenye haja kubwa kuliko anayeinunua kwa mwezi.

WAJIBU WETU

Tufanye nini basi? Mfano mmoja tunao karibu, katika lugha yetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo huandikwa na watu wa kujitolea, huchukua picha na video zake katika ghala la pamoja liitwalo Wikimedia Commons. Ghala hilo hupokea miundo huria tu. Mwaka 2014 watumiaji wake waliulizwa kama wakubali pia video za H.264, kwa kuwa ndizo zitokazo moja kwa moja katika simu za watu. Wengi walikataa. Walijua uamuzi wao una gharama: mchangiaji hulazimika kubadili video yake kabla ya kuipeleka. Lakini waliona ni afadhali usumbufu wa leo kuliko ghala la elimu ambalo mtu mwingine ana ufunguo wake.

Nadhani sisi nasi tunaweza kushika kanuni hiyo kwa kiasi cha uwezo wetu. Kwanza, ofisi za umma, shule na vyombo vya habari vinavyotoa video kwa wananchi vitoe nakala moja katika muundo huria, WebM yenye VP9 au AV1 na sauti ya Opus, kando ya nakala ya H.264 kwa ajili ya simu za zamani. Programu za kufanya kazi hiyo, kama FFmpeg na VLC, zinapatikana bila malipo, na kijana aliyefundishwa siku moja ataimudu. Pili, wanunuzi wa vifaa vya umma waulize swali hili kabla ya kutia sahihi: je, kamera hii au kompyuta hii inafungua miundo huria, na leseni zake zinaruhusu kazi tutakayoifanya? Tatu, watunza kumbukumbu wafikirie miaka 50 mbele. Mkanda wa sherehe ya uhuru au sauti ya mzee asimuliaye historia ya ukoo wake haukuhifadhiwa kwa ajili ya mwaka huu. Atakayeufungua hajazaliwa. Tusimwachie sanduku lenye kufuli la mtu mwingine.

Mambo haya hayahitaji bajeti kubwa wala mitambo ya ajabu. Yanahitaji tu mtu mmoja katika kila ofisi awe na mazoea ya kuuliza swali kabla ya kupokea zawadi. Tukipewa cha bure, tushukuru, maana shukrani ni adabu. Kisha tuulize kwa upole kama kilivyoandikwa kinasema pia kwamba hakitarudishwa. Kikiwa hakisemi hivyo, tukivae kwa siku ya leo, lakini tuanze kushona chetu.